Pampu ya Maji ya Nyumbani: Kutambua Hitilafu Kabla ya Kununua Nyingine

Katika nyumba nyingi za mijini hapa Tanzania, maji ya bomba hayapatikani kila saa, na yanapopatikana huenda yasiwe na nguvu ya kupanda juu. Kwa sababu hiyo kaya hujenga tangi ardhini au huweka tangi la plastiki uani, hukinga maji siku ya zamu, kisha huyapandisha kwa pampu hadi kwenye tangi lililo juu ya mnara. Tangu hapo jiko, bafu, choo na ufuaji wa nguo vyote hutegemea chombo kimoja kidogo kinachokaa pembeni mwa nyumba, ambacho aghalabu hakikumbukwi hadi siku kinapogoma.

Siku hiyo mlaji huwa katika hali dhaifu. Tangi la juu limekauka, watu wa nyumbani wanalalamika, na fundi wa kwanza kupatikana husema, “Pampu imekufa, nunua nyingine.” Huenda asemalo ni kweli. Hata hivyo, hutokea pia kwamba pampu ni nzima, na kilichoharibika ni valvu, kiungo cha bomba au kifaa kidogo cha umeme. Mlaji aliyenunua pampu mpya kwa sababu ya valvu iliyokwama hugundua, baada ya fedha kutoka, kwamba pampu mpya nayo haipandishi maji.

Baada ya kulisoma somo hili, mlaji ataweza: kwanza, kutambua sehemu yenye hitilafu kwa kufuata dalili, pili, kuamua kama inafaa kutengeneza au kununua, tatu, kuchagua pampu inayolingana na mahitaji ya nyumba yake, na nne, kudai haki yake endapo ameuziwa bidhaa mbovu. Somo linahusu pampu ndogo za umeme zinazokaa juu ya ardhi. Pampu za kuzamishwa kwenye visima virefu zinahitaji vifaa na utaalamu wa pekee, na hazikujadiliwa hapa.

1. Namna maji yanavyopanda

Mfumo wa pampu una pande mbili. Upande wa kuvuta huanzia ndani ya tangi la chini na kuishia mdomoni mwa pampu. Upande wa kusukuma huanzia kwenye pampu na kuishia kwenye tangi la juu. Mwishoni mwa bomba la kuvuta, ndani ya tangi, huwa pana chujio pamoja na valvu ambayo mafundi huiita futivalvu. Kazi ya valvu hiyo ni kuruhusu maji yapande na kuyazuia yasirudi chini pampu inapozimwa.

Ni muhimu kuelewa kwamba pampu haiyavuti maji kama mtu avutavyo kamba ya ndoo kisimani. Inachofanya ni kupunguza mgandamizo ndani ya bomba, na hewa iliyo nje ndiyo inayoyasukuma maji yapande. Katika miji iliyo usawa wa bahari, kama vile Dar es Salaam na Tanga, hewa inaweza kuyapandisha maji kwa upande huo hadi mita 10.3 kwa nadharia; kwa vitendo, mita 7 hivi ndiyo kikomo cha busara. Arusha, iliyo takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kikomo hicho hupungua kwa kiasi cha mita moja na nusu. Hivyo tangi la chini likiwa na kina kirefu, au pampu ikiwekwa mbali juu yake, hata pampu yenye nguvu kubwa itashindwa.

Hapa ndipo penye chanzo cha makosa mengi. Bomba la kusukuma likipasuka, maji humwagika na kila mtu huyaona. Bomba la kuvuta likiwa na ufa, hakuna tone linaloonekana nje wakati pampu inafanya kazi. Badala yake hewa huingia ndani kimyakimya, na maji hayapandi. Kwa kuwa hakuna kinachovuja, lawama huangukia pampu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: uchunguzi wa pampu isiyopandisha maji uanzie chini, kwenye upande wa kuvuta.

Jambo la pili la kukumbuka ni kwamba maji yanayopita ndani ya pampu ndiyo yanayoipoza na kuilainisha sili yake. Pampu inayozunguka ikiwa kavu hujichoma kwa muda mfupi. Usiiache ikizunguka bila kutoa maji kwa matumaini kwamba “itavuta tu”.

2. Tahadhari kabla ya kugusa chochote

Umeme na maji ni jozi ya hatari. Zingatia yafuatayo bila kuacha hata moja:

(a) Zima swichi, chomoa plagi ukutani, na kama pampu imeunganishwa moja kwa moja, zima sakiti breka yake. Mjulishe kila aliyemo nyumbani ili asiwashe.

(b) Usiguse pampu ukiwa na mikono iliyolowa au ukiwa umesimama kwenye maji. Ukihisi umeme unakupiga unapogusa pampu, bomba au koki, acha kuitumia mara moja na umwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA.

(c) Usikate wala usipuuze waya wa ardhi. Waya huo ndio unaoupa umeme uliovuja njia ya kwenda ardhini badala ya kupita mwilini mwa mtu.

(d) Kapasita, kile kifaa cha duara kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka, huweza kubaki na chaji hata baada ya umeme kukatwa. Kuipima na kuibadilisha ni kazi ya fundi.

(e) Usimruhusu mtu yeyote kuingia ndani ya tangi la ardhini au kisima akiwa peke yake ili kukagua futivalvu. Hewa ya humo huenda haifai kwa kupumua, na mtu hupoteza fahamu kabla ya kupiga kelele. Bomba livutwe juu badala ya mtu kushuka chini. Pampu ya petroli isiwashwe kamwe ndani ya shimo, kisima au chumba kilichofungwa, kwa sababu moshi wake huua.

3. Kutambua hitilafu kwa kufuata dalili

Dalili ya kwanza: pampu iko kimya kabisa. Anza na umeme wenyewe. Je, yuniti za LUKU zimekwisha? Jaribu soketi ileile kwa kifaa kingine. Kagua sakiti breka na fyuzi iliyo ndani ya plagi. Kisha tazama swichi ya boya, kama ipo. Swichi hiyo huzima pampu pale tangi la chini linapokauka au tangi la juu linapojaa. Katika hali hiyo pampu haina kosa, imetii. Pampu nyingi pia zina kinga ya joto inayoizima mota iliyochemka. Iache ipoe kwa muda wa saa moja, kisha ijaribu tena. Sakiti breka ikikata tena na tena kila pampu inapowashwa, usiendelee kuipandisha: kuna umeme unaovuja au koili zimeungua.

Dalili ya pili: pampu inanguruma lakini haizunguki. Zima papo hapo, kwani koili za mota iliyokwama huungua kwa dakika chache. Sababu za kawaida ni tatu. Ya kwanza ni kukwama kwa impela, yaani gurudumu linalosukuma maji, kutokana na kutu au mchanga. Hali hii huipata hasa pampu iliyokaa wiki nyingi bila kutumika. Chomoa plagi, kisha uizungushe shafti taratibu kwa bisibisi kupitia mfuo ulio nyuma ya mota. Ikilegea na kuzunguka kwa wepesi, huenda tatizo limekwisha. Ya pili ni kapasita iliyokufa: shafti inazunguka vizuri kwa mkono, lakini mota inanguruma tu. Kapasita ni sehemu ya bei nafuu ikilinganishwa na pampu nzima. Ya tatu ni umeme mdogo. Umeme wa majumbani unapaswa kuwa volti 230 hivi. Taa zikififia na friji ikisuasua, subiri umeme utengemae. Usijaribu kuisukuma feni kwa kijiti huku umeme ukiwa umewashwa.

Dalili ya tatu: pampu inazunguka vizuri, lakini maji hayapandi. Hii ndiyo dalili inayowagharimu walaji wengi pampu zisizo na kosa. Fuata mpango huu. Hakikisha tangi la chini lina maji na kwamba futivalvu imezama. Hakikisha koki ya upande wa kusukuma imefunguliwa. Zima umeme, fungua kifuniko kidogo kilicho juu ya pampu na uijaze maji hadi yafurike. Kisha ngoja dakika 15 bila kuiwasha. Maji yakibaki palepale, upande wa kuvuta umeziba vizuri. Funga kifuniko na ujaribu. Maji yakishuka, yanatoroka kupitia futivalvu au kiungo kilicholegea, na pampu haina hatia. Safisha au badilisha futivalvu, kaza viungo, na uweke upya utepe mweupe wa kufungia nyuzi za bomba.

Dalili ya nne: maji yanapanda, ila kwa unyonge. Kagua kwanza chujio la futivalvu, ambalo huzibwa na tope, majani au chembe za plastiki. Tazama maji yanayotoka: yakiwa na mapovu mengi meupe, hewa inaingia mahali fulani upande wa kuvuta. Sauti kama ya kokoto zinazozunguka ndani ya pampu huashiria kwamba inavuta kwa shida. Endapo upande wa kuvuta ni safi, umeme ni wa kutosha na koki zote zimefunguliwa, huenda impela imelika. Maji yenye mchanga huila haraka, hasa katika zile pampu ndogo ambazo nafasi kati ya impela na ukuta wake ni finyu sana.

Dalili ya tano: pampu inawaka na kuzima yenyewe ilhali koki zote zimefungwa. Dalili hii huzihusu nyumba ambazo pampu ya otomatiki hupeleka maji moja kwa moja kwenye koki. Funga koki iliyo baada ya pampu na swichi yake ya mgandamizo. Pampu ikitulia, maji yanavuja ndani ya nyumba. Mshukiwa wa kwanza ni tangi la choo. Weka matone ya rangi ya chakula ndani ya tangi hilo, ngoja dakika 20 bila kuvuta maji, kisha tazama bakuli. Rangi ikionekana humo, umempata mwizi. Pampu isipotulia, tatizo liko kwenye valvu ya kuzuia maji yasirudi, kwenye swichi, au kwenye tungi la mgandamizo lililopoteza hewa.

Dalili ya sita: maji yanatona kati ya pampu na mota. Hiyo ni sili iliyochakaa. Usiipuuze kwa kuwa ni tone tu: maji hayo huingia kwenye beringi, kisha kwenye koili, na hitilafu ndogo hugeuka kuwa msiba wa pampu nzima. Mkwaruzo mkali wa chuma nao huashiria beringi zilizokufa.

4. Kutengeneza au kununua?

Kapasita, sili, beringi na futivalvu hubadilishwa bila kubadilisha pampu. Koili zikiungua, mota inaweza kusukwa upya, lakini kwa pampu ndogo gharama ya kusuka huweza kuikaribia bei ya pampu mpya. Mwili wa pampu ukipasuka, au impela pamoja na ukuta wake vikilika, kununua huwa ni busara zaidi.

Kabla ya kukubali uamuzi wowote, muulize fundi maswali matatu kwa heshima: Ni kipi kilichoharibika? Umejuaje? Naomba nikione. Fundi mwaminifu hatakasirika. Atakuonesha koili zilizoungua na kukunusisha harufu yake. Patana bei kabla ya kazi, iandikwe, na uombe kurudishiwa sehemu iliyoondolewa.

5. Kuchagua pampu inayofaa

Walaji wengi huingia dukani na kuuliza, “Mna ya hospawa moja?” Nguvu ya mota peke yake haitoshi kukuongoza. Maswali ya msingi ni mawili: maji yapande mita ngapi, na yafike lita ngapi kwa dakika?

Tuchukue mfano. Maji ya tangi la chini yako mita 2 chini ya pampu. Mdomo wa tangi la juu uko mita 7 juu ya pampu. Jumla ya kimo ni mita 9. Bomba lenyewe, viwiko na koki hupunguza nguvu ya maji. Kwa nyumba ya kawaida, ongeza theluthi moja kwa tahadhari. Hesabu inakuwa mita 12. Tangi la juu ni la lita 1,000, na familia ingependa lijae ndani ya dakika 40. Basi inahitajika pampu inayotoa lita 25 kwa dakika katika kimo cha mita 12.

Sasa soma kibati kilichobandikwa kwenye pampu. Alama Hmax ni kimo cha juu kabisa ambacho pampu inaweza kukifikisha, na Qmax ni wingi wa maji mengi kabisa inayoweza kuyatoa. Hapa mlaji awe macho: viwili hivyo havipatikani kwa wakati mmoja. Katika kimo cha Hmax pampu haitoi maji yoyote. Wingi wa Qmax hupatikana pale tu maji yasipopandishwa. Pampu ndogo ya nusu hospawa iliyoandikwa mita 40 na lita 40 haitapandisha lita 40 hadi mita 40. Hata hivyo, katika kimo cha mita 12 yaweza kubaki na lita 25 au zaidi kidogo, na kwa nyumba ya mfano wetu hiyo inatosha. Mwombe muuzaji jedwali au mchoro unaoonesha wingi wa maji kwa kila kimo.

Pampu kubwa kupita mahitaji si baraka. Pampu ya hospawa moja hula takriban yuniti moja ya umeme, au zaidi kidogo, kwa kila saa. Aidha, huweza kuvuta maji kwa kasi ambayo bomba jembamba la kuvuta haliwezi kuitosheleza, na ikajiharibu yenyewe. Kipenyo cha bomba la kuvuta kisiwe kidogo kuliko mdomo wa pampu.

6. Hatua za kubadilisha pampu

(a) Piga picha ya viungo vyote na nyaya kabla ya kufungua. Zima umeme na uhakikishe kwa testa kwamba haupo.

(b) Funga koki ya upande wa kusukuma ili maji ya tangi la juu yasirudi. Weka ndoo chini, kisha fungua yunioni za pande zote mbili.

(c) Fungua bolti za msingi. Kama huna ujuzi wa umeme, mwachie fundi umeme kazi ya kuondoa na kuunganisha nyaya.

(d) Kagua futivalvu, chujio na bomba la kuvuta kabla ya kuweka pampu mpya. Kilichoiua ya kwanza kisije kikaiua ya pili.

(e) Weka pampu kwenye msingi mkavu ulioinuka, penye kivuli na hewa, mahali ambapo mvua haitaifikia. Bomba la kuvuta lipande taratibu kuelekea kwenye pampu; lisiwe na mgongo unaoweza kukamata hewa.

(f) Funga nyuzi kwa utepe, kaza yunioni kwa kiasi, na usiulazimishe mdomo wa pampu kufuata bomba lililopinda.

(g) Jaza pampu maji hadi yafurike, funga kifuniko, kisha washa. Maji yasipofika ndani ya dakika chache, zima na urudie kujaza.

(h) Maji yakishapanda, kagua kila kiungo. Pima muda wa kujaza ndoo ya lita 20 na uuandike pamoja na tarehe. Sekunde 48 ni sawa na lita 25 kwa dakika. Kipimo hicho kitakusaidia kutambua mapema siku pampu itakapoanza kuchoka.

Usiunganishe pampu moja kwa moja kwenye bomba la mamlaka ya maji. Mvuto wake huwanyima majirani, na huweza kuingiza maji machafu ya ardhini kupitia nyufa za bomba hadi kwenye maji mnayokunywa.

7. Haki za mlaji

Dai risiti ya EFD na uhakikishe kwamba inataja jina la bidhaa na modeli yake. Mweleze muuzaji kimo na wingi wa maji unaohitaji, na umwombe ayaandike kwenye risiti au karatasi yenye muhuri wa duka. Hatua hii ina uzito kisheria: Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inatambua kwamba mnunuzi anayemweleza muuzaji matumizi anayoyakusudia, na kuutegemea utaalamu wake, anastahili bidhaa inayofaa kwa matumizi hayo. Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, nayo inamlinda mlaji dhidi ya udanganyifu na bidhaa zisizokidhi. Maandishi ya “mali ikishauzwa hairudishwi” hayafuti haki ya mtu aliyeuziwa bidhaa mbovu.

Soma masharti ya dhamana: ni ya muda gani, inahusu nini, na nani atakayetengeneza. Ndani ya muda huo usimruhusu fundi wa mtaani kuifungua pampu, maana muuzaji aweza kukataa dai lako kwa kisingizio hicho. Tunza boksi, na uitumie pampu katika siku za mwanzo badala ya kuihifadhi stoo.

Pampu ikiharibika isivyostahili, irudishe dukani pamoja na risiti na maelezo ya maandishi. Usiposikilizwa, peleka lalamiko lako Tume ya Ushindani, hasa iwapo unashuku kwamba bidhaa ni bandia. Kuhusu ubora uliopungua, toa taarifa Shirika la Viwango Tanzania. Ikiwa mota imeunguzwa na kupanda na kushuka kwa umeme, anza na ofisi ya TANESCO iliyo karibu nawe, uandike siku na saa ya tukio, na usiporidhika uendelee EWURA.

8. Maswali ya kujipima

1. Pampu inazunguka vizuri lakini maji hayapandi. Umeijaza maji, na baada ya dakika 15 maji yameshuka. Je, ununue pampu mpya?

2. Mota inanguruma, na shafti inazunguka kwa wepesi kwa mkono umeme ukiwa umezimwa. Taa za nyumba zinawaka vizuri. Unashuku nini kwanza?

3. Kibati kimeandikwa Hmax mita 35. Tangi lako liko katika kimo cha mita 35. Je, pampu hiyo inakufaa?

Majibu: (1) Hapana, kagua futivalvu na viungo vya upande wa kuvuta. (2) Kapasita. (3) Haikufai, katika kimo hicho haitatoa maji.

Mlaji anashauriwa kukibandika kijitabu hiki, au nakala ya sehemu ya 3, karibu na swichi ya pampu, pamoja na risiti na kipimo cha ndoo. Siku maji yatakapokatika, aanze na dalili, afuate uchunguzi, na fedha aitoe mwisho.